Dari chini ya mabati: kukokotoa joto linavyopita kwenye tabaka mchanganyiko, na kulizuia

Bati la geji 30 lina unene wa takriban milimita 0.3. Mwishoni mwa Februari jua la Nairobi huwa karibu utosini, na mchana usio na mawingu paa hupokea nguvu inayokaribia wati 1,000 kwa kila mita mraba. Bati lililochakaa au lililopakwa rangi nzito hufika nyuzi 60 za Selsiasi bila taabu. Bati lenyewe halizuii chochote, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa vitu vilivyo kati yake na kichwa cha aliyeketi chini: hewa, mbao, povu, skrubu, bodi ya jipsamu, na unyevu ukipata nafasi.

Vitu hivyo havifanani hata kidogo, na hapo ndipo makadirio mengi huharibika. Fundi anajua povu ni nzuri, anajua chuma ni kibaya, kisha anachukua wastani. Wastani huo unaweza kukosea mara tisa, kama tutakavyoona. Mfano wetu ni chumba cha futi kumi kwa kumi, yaani kama mita mraba 9, chenye paa la mabati bila dari. Vipimo vya chumba chako vikiwa tofauti, badilisha namba, hatua hazibadiliki.

Vifaa

Kwa kupima: bunduki ya joto ya infraredi, kipimajoto cha hewa, tepu nyeusi ya umeme, futi kamba, na kikokotoo cha simu.

Kwa kujenga: mbao za saiprasi za mbili kwa mbili, jumla mita 18 kwa mistari sita ya mita 3, na akiba ya viungo, polistirini ya mm 50 (ndiyo povu tunayoitaja kote), mita mraba 9 pamoja na ya kupotea kwenye kukata, bodi nne za jipsamu za mm 9 zenye ukubwa wa mita 1.2 kwa 2.4, kopo moja au mawili ya povu ya kupuliza, skrubu na tepu ya viungo.

Polistirini ipime kwa mizani kabla ya kulipa. Bodi ya mita 1.2 kwa 2.4 yenye unene wa mm 50 inapaswa kuwa na uzito wa kilo 2 au zaidi kidogo. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, ina punje zilizoachana, hupitisha joto zaidi na huvunjika pembeni ukiikata. Mbao nazo zipime kwa futi kamba. Mbili kwa mbili ya yadi nyingi huwa pungufu ya mm 50, na povu ya mm 50 itachomoza na kuzuia bodi ya jipsamu isikae sawa.

Hatua ya 1: Pima bati jinsi lilivyo

Bunduki ya infraredi haipimi joto moja kwa moja. Inapokea mnururisho unaotoka kwenye uso, na bati linalong'aa hutoa kidogo mno huku likiakisi joto la vitu vingine. Ukilielekezea bunduki, linaweza kusoma nyuzi 35 wakati mkono wako hauwezi kuligusa. Bandika kipande cha tepu nyeusi cha sentimita 5 kwa 5 chini ya bati, kibonyeze kishike vizuri, subiri dakika tano, kisha pima juu ya tepu hiyo, kipimo cha unururishaji (emissivity) cha bunduki kikiwa kimewekwa 0.95. Simama karibu: bunduki nyingi za bei nafuu husoma duara linalopanuka haraka kadiri unavyorudi nyuma, na ukiwa mbali utapima tepu na bati kwa pamoja.

Pima saa saba mchana, siku isiyo na mawingu. Andika joto la bati na joto la hewa chumbani, kipimajoto kikiwa usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi na mbali na ukuta unaopigwa na jua. Hapa tuchukue bati nyuzi 60 na chumba nyuzi 28.

Hatua ya 2: Andika tabaka moja moja

Kila kitu kina uwezo wake wa kupitisha joto, unaoandikwa kwa wati kwa mita kwa nyuzi. Hizi zinatosha kwa kazi ya nyumbani:

- chuma cha bati na cha chaneli: 50
- zege: 1.4
- mawe ya machimbo yanayojengewa Nairobi: kati ya 0.5 na 1.1, kutegemea uzito na unyevu
- maji: 0.6
- bodi ya jipsamu: 0.2
- saiprasi kavu: 0.13
- sufi ya glasi: 0.04
- polistirini: 0.038
- hewa iliyotulia: 0.026

Gawanya unene wa tabaka, kwa mita, kwa namba yake. Jibu ni ukinzani wa tabaka hiyo. Polistirini ya mm 50: 0.050 ÷ 0.038 = 1.32. Bodi ya jipsamu ya mm 9: 0.009 ÷ 0.2 = 0.045. Bati: 0.0003 ÷ 50 = 0.000006, yaani sifuri.

Nafasi ya hewa haihesabiwi hivyo. Ikiwa pana, joto huivuka kwa mnururisho kutoka uso wa juu hadi wa chini, na upana wa nafasi haubadilishi mambo sana. Chini ya bati la moto, tumia 0.15 kwa nafasi ya sentimita 10 au zaidi. Majedwali mengi ya Ulaya huandika 0.22, lakini yalitayarishwa kwa nyuso zenye nyuzi 10 hivi, na uso wa moto hunururisha zaidi. Kwa uso wa chini wa dari unaotazama chumba, joto likishuka, tumia 0.17.

Joto linalopita ni tofauti ya nyuzi ikigawanywa kwa ukinzani. Sasa chumba kisicho na dari, tofauti ikiwa 60 − 28 = 32: 32 ÷ 0.15 = wati 213 kwa mita mraba. Mara mita 9, karibu wati 1,900. Ndiyo maana feni haisaidii sana humo ndani.

Hatua ya 3: Jua kipi kimefuatana na kipi kimekaa ubavuni

Hapa usiharakishe.

Tabaka zinazofuatana, joto likitoka moja kuingia nyingine, zinajumlishwa ukinzani. Vitu vilivyokaa ubavu kwa ubavu, joto likiwa na njia mbili za kuchagua, vinajumlishwa upitishaji (1 ÷ ukinzani), na kila kimoja kinahesabiwa kwa sehemu yake ya eneo. Ukichanganya kanuni hizi mbili, hesabu nzima imekwisha.

Jaribu kuchukua bati la mm 0.3 na povu ya mm 50 iliyobandikwa chini yake, ukatafuta wastani wa uwezo wao kwa unene: (0.3 × 50 + 50 × 0.038) ÷ 50.3 = 0.336. Ukinzani unaotoka ni 0.0503 ÷ 0.336 = 0.15. Ukinzani wa kweli ni 1.32. Hilo ndilo kosa la mara tisa, na limetokana na bati ambalo halina mchango wowote. Joto lililovuka bati bado lina povu yote mbele yake.

Wastani si mbaya kila mahali. Chukua ukuta wa mawe wa mm 200 ulioloa mvua upande wa nje na kukauka upande wa ndani. Muundo wake unabadilika polepole, bila mpaka, kwa hiyo ukate kwa mawazo vipande vinne vya mm 50 na ukipe kila kimoja namba yake: 1.1, 0.9, 0.7, 0.6. Ukijumlisha ukinzani wa vipande unapata 0.256. Ukitumia wastani wa 0.825 unapata 0.242. Tofauti ni kama asilimia 5, na hakuna fundi atakayeigundua. Wastani unavumilika pale vitu vinapotofautiana mara mbili. Chuma na hewa vinatofautiana karibu mara elfu mbili.

Hatua ya 4: Hesabu dari yenye mbao

Mbao za mm 50 zimepangwa kila mm 600 kutoka katikati hadi katikati. Mbao zinachukua 50 ÷ 600, yaani asilimia 8.3 ya eneo, na povu asilimia 91.7. Kuna njia mbili za kuhesabu, na zote mbili ni za lazima.

Njia ya kwanza inachukulia kwamba joto linashuka wima na haliendi kando. Kupitia povu: 0.15 + 1.32 + 0.045 + 0.17 = 1.68. Kupitia ubao, ambao ukinzani wake ni 0.050 ÷ 0.13 = 0.385: 0.15 + 0.385 + 0.045 + 0.17 = 0.75. Kisha 0.917 ÷ 1.68 + 0.083 ÷ 0.75 = 0.656, na ukigeuza, 1 ÷ 0.656 = 1.52.

Njia ya pili inachukulia kwamba joto hutambaa kando bila kizuizi katika kila tabaka, kwa hiyo ubao na povu vinachanganywa kwanza: 0.917 ÷ 1.32 + 0.083 ÷ 0.385 = 0.91, ukinzani wa tabaka hiyo ni 1.10. Ongeza nyingine: 0.15 + 1.10 + 0.045 + 0.17 = 1.46.

Ukweli uko kati ya 1.52 na 1.46. Chukua 1.49. Namba hizi mbili zikikaribiana hivi, tulia: mchanganyiko wako ni wa upole.

Dari ikishawekwa, bati litapata joto zaidi kuliko mwanzo kwa sababu halina tena pa kulimwaga chini. Likipanda hadi nyuzi 65, usidhani kuna kilichoharibika. Tofauti ni 37, na 37 ÷ 1.49 = wati 25 kwa mita mraba. Kwa chumba kizima ni kama wati 225, kutoka 1,900.

Hatua ya 5: Hesabu tena, chaneli za chuma zikichukua nafasi ya mbao

Siku hizi dari nyingi za jipsamu mjini hufungwa kwenye chaneli nyembamba za chuma. Ni nyepesi, zimenyooka, haziliwi na mchwa. Lakini tazama kinachotokea chaneli ikivuka povu yote kutoka juu hadi chini.

Ubavu wa chaneli, ule unaosimama wima kuvuka povu, una unene wa mm 0.5 katika kila mm 600. Hiyo ni sehemu moja kati ya 1,200 ya eneo. Upitishaji wake: 0.00083 × 50 ÷ 0.050 = 0.83. Upitishaji wa povu yote iliyobaki: 0.999 ÷ 1.32 = 0.76. Ukanda wa chuma usiozidi unene wa kadi ya simu unapitisha joto kuliko povu ya dari nzima.

Njia ya kwanza sasa inatoa 1.68, ya pili 0.99. Zimeachana mno, na kuchukua katikati hakufai tena. Hata kiwango cha kimataifa cha ISO 6946, kinachotumia wastani wa njia hizi mbili, hakiuruhusu pale chuma kinapokatiza kizuia joto. Mabawa ya chaneli, yale yaliyolala juu na chini ya povu, hukusanya joto kutoka eneo pana na kulileta kwenye ubavu, kwa hiyo ukweli hukaa karibu na namba ya chini. Hesabu kwa 0.99: 37 ÷ 0.99 = wati 37 kwa mita mraba, wati 335 kwa chumba.

Dawa yake si povu nene zaidi kati ya chaneli, maana chuma kitaendelea kuipita. Weka tabaka isiyokatizwa: polistirini ya mm 20 juu ya chaneli zote, ikipita moja kwa moja bila kuachia nafasi. Ukinzani wake ni 0.53, na jumla inafika 1.52. Milimita 20 zimeirudisha dari ya chuma kwenye kiwango cha ile ya mbao (1.49), na kidogo juu yake.

Hesabu hiyohiyo inahusu paneli za ukuta zenye polistirini katikati na wavu wa waya pande zote mbili. Waya zinazovuka povu ndizo za kuangalia. Waya 80 za mm 3 katika kila mita mraba zikivuka kutoka upande hadi upande, uwezo wa povu wa 0.038 unapanda hadi takriban 0.066. Mwuzaji akikutajia ukinzani wa povu peke yake, muulize idadi ya waya.

Hatua ya 6: Funga dari

Panga mbao kwanza, mm 600 katikati hadi katikati, ukiacha angalau sentimita 10 kati ya juu ya povu na bati. Kata povu ikiwa pana kuliko nafasi kwa mm 2 au 3, ili iingie kwa kubanwa. Povu iliyokatwa fupi ikaacha ufa wa mm 5 kila upande huongeza joto linalopita, kwa sababu ufa huo ni njia ya ubavuni isiyo na povu. Nyufa zilizobaki zijaze povu ya kupuliza, kisha kata kilichofura baada ya kukauka.

Waya za umeme zitenge na polistirini. Zikigusana kwa muda mrefu, kemikali inayolainisha ganda la PVC huhamia kwenye povu. Ganda linakuwa gumu na kupasuka. Tena waya iliyozungukwa na povu haipoi, kwa hiyo ya soketi au ya hita ya maji ipitishe juu, kwenye nafasi ya hewa, ndani ya bomba lake.

Polistirini huwaka na moshi wake ni hatari. Usiiache wazi hata kwa wiki moja ukisubiri pesa za jipsamu, na usiiweke kabisa juu ya mahali pa jiko au karibu na bomba la moshi. Hapo tumia sufi ya madini. Jambo jingine la usalama: chumba kilichokuwa na mianya kati ya bati na ukuta kilikuwa kinapumua kupitia hapo. Ukiifunga yote, jiko la makaa ndani linaua. Acha matundu ya kudumu ukutani, juu na chini, na jiko likae nje.

Hatua ya 7: Foili, ukiitaka

Foili ya alumini haizuii joto kwa unene wake. Inazuia kwa kutonururisha, na ili ifanye hivyo lazima uso wake unaong'aa utazame hewa, nafasi ya mm 25 au zaidi. Ikibanwa kati ya bati na povu ni sawa na kutokuwepo. Alumini inapitisha joto mara nne ya chuma. Itundike ikitazama chini, juu ya nafasi ya hewa, maana uso unaotazama juu hujaa vumbi na baada ya muda hunururisha kama kitu kingine chochote.

Kwa hesabu za karatasini, foili safi huinua ukinzani wa nafasi ya hewa kutoka 0.15 hadi karibu 1.4 joto likishuka. Sisi huhesabu nusu tu, kwa sababu ya vumbi, mikunjo na upepo unaopenya chini ya mabati. Hata nusu hiyo ni nzuri kwa bei yake.

Hatua ya 8: Julai

Usiku wa Julai joto la nje hushuka hadi nyuzi 10 hadi 12, na bati lililo wazi kwa anga safi hupoa kuliko hewa inayolizunguka. Hewa ya chumba yenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70 huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 14. Bati liko chini ya hapo, ndiyo sababu mabati hutoa jasho alfajiri.

Dari mpya inafanya bati kuwa baridi zaidi usiku. Mvuke wa kupikia na wa pumzi ukipenya kwenye viungo vya bodi, utageuka maji juu ya povu na kudondoka. Weka karatasi ya nailoni upande wa chumba, kati ya bodi ya jipsamu na mbao, viungo vyake vikipandiana sentimita 15 na kufungwa tepu. Acha nafasi ya juu ipitishe upepo kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine. Sufi ya glasi ndiyo inayoumia zaidi ikiloa: ilikuwa inategemea hewa ya 0.026, na maji ya 0.6 yakichukua nafasi hiyo, njia zake zinapitisha mara ishirini na zaidi.

Hatua ya 9: Kagua kazi bila kufungua dari

Rudi saa saba mchana. Acha tepu moja nyeusi chini ya bati, mahali utakapoweza kuipima kupitia tundu la ukaguzi. Pima bati, chumba, na uso wa dari katikati ya povu. Kisha:

ukinzani = 0.17 × (bati − chumba) ÷ (dari − chumba)

Bati likiwa 65, chumba 28 na dari 31.7, unapata 0.17 × 37 ÷ 3.7 = 1.7. Povu iko mahali pake. Chini ya ubao tegemea karibu nyuzi 36, au pungufu kidogo kwa kuwa joto hutawanyika kando ndani ya jipsamu. Mstari wa joto kila mm 600 ni wa kawaida. Doa la nyuzi 35 katikati ya povu si la kawaida: pana ufa, kipande kimesahaulika, au pameloa. Doa hilohilo likionekana baada ya mvua na kutoweka wiki ya kiangazi, tafuta tundu la msumari kwenye bati juu yake kabla ya kugusa dari. Tofauti ya bati na chumba ikiwa chini ya nyuzi 20, usipime. Kosa la bunduki la nyuzi moja au mbili litakula jibu lote.

Kuta za mawe zipime jioni, si mchana. Ukuta wa mm 200 huchelewesha joto la jua kwa kama saa sita, kwa hiyo ukuta wa magharibi uliopigwa na jua saa kumi utaleta joto lake ndani kama saa nne usiku. Ukitaka kuuzuia, povu ikae upande wa nje. Ukinzani ni uleule hata ukiiweka ndani, lakini mawe yakibaki nje ya povu hayatakusaidia kumeza joto la mchana la chumbani.